Bluu Ipi? Barua za Wasomaji Kuhusu Kuandika Rangi

Mwezi huu barua nne zimeniuliza jambo lile lile, kila moja kwa njia yake: rangi inaandikwaje hadi msomaji aione? Zimenifurahisha sana, maana mimi nimekulia ndani ya rangi. Mama yangu aliuza kanga, vitenge na vitambaa vya sare Ngamiani, Tanga, na hesabu nilijifunza kwa kupanga doti rafuni. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu. Mwenyewe ataniwia radhi.

Shikamoo Bi Mhariri. Nasoma chuo hapa Morogoro na ninaandika hadithi fupi. Mwalimu amenirudishia kazi yangu, pembeni ameandika "bluu ipi?" mara tatu. Sehemu yenyewe ni hii: "Alishuka kwenye kivuko cha Pangani akiwa amevaa gauni zuri la bluu. Bahari ilikuwa ya bluu, anga la bluu, na mashua za rangi mbalimbali zilipendeza sana." Nimetafuta kwenye kamusi nikapata samawati, nili, feruzi na urujuani. Niyatumie hayo?
*Msomaji, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Yaache kwanza. Mwalimu hakukuuliza jina la rangi, amekuuliza umeona nini.

Kivuko hicho nimekipanda mara nyingi, kutoka Pangani mjini kwenda Bweni. Maji yanayopita chini yake ni ya mto, hayajawa bahari bado. Masika mto unashuka na udongo wa bara, na maji yanakuwa kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Simama upande wa Bweni utazame mlango wa mto: maji hayo yanaingia baharini lakini hayachanganyiki papo hapo. Kwanza kahawia, kisha mstari wa povu na takataka za miti, kisha kijani kilichofifia, na bluu unayoitaja iko mbali, huko ambako mashua zimekuwa ndogo. Mhusika wako anashuka kivukoni, mguu wake uko karibu na kahawia. Ukiandika hivyo tu, mtu wa Pangani ataamini kila utakachomwambia baada ya hapo.

Tuje kwenye gauni. Nilipokuwa darasa la tano alikuja dukani mama mmoja wa kwaya kutafuta kitambaa cha kuongezea sare. Alikuwa na kipande chenye upana wa vidole vitatu, amekifunga kwenye ncha ya kanga. Mama akashusha majora mawili ya bluu, akakiweka kile kipande juu ya moja, kisha juu ya jingine. Chini ya taa ndefu ya dukani vyote vitatu vilikuwa kitu kimoja. Yule mama alikwishaanza kuhesabu pesa. Mama yangu akamzuia mkono, akabeba jora moja hadi barazani, mimi nikabeba la pili. Juani, jora la kwanza lilibaki ndugu wa kile kipande. La pili liliegemea kwenye zambarau waziwazi, utadhani limebadilishwa njiani kutoka mezani hadi mlangoni.

Sababu yake niliijua ukubwani. Rangi tunayoiona ni mwanga uliorudishwa na kitambaa, na mwanga wa taa haukuundwa sawa na mwanga wa jua. Vitambaa viwili vilivyotiwa rangi tofauti kiwandani vinaweza kufanana chini ya taa na kuachana vikitoka nje. Tangu siku ile siandiki rangi bila kujiuliza ni saa ngapi, ni wapi, na mwanga unatoka upande gani. Gauni lako liko kivukoni saa sita mchana au magharibi? Limeloa kwa marasharasha ya maji? Bluu iliyoloa ni nzito kuliko iliyokauka, na pindo lililoloa juu ya gauni kavu ni bluu mbili kwenye nguo moja. Hiyo ni picha, na hukuhitaji kamusi.

Sasa nikuonyeshe kitu ndani ya lugha yenyewe. Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walilinganisha majina ya rangi katika lugha 98. Walisema kwamba lugha yenye majina mawili tu ya msingi huwa na nyeusi na nyeupe, na ikipata la tatu, la tatu ni nyekundu. Wasomi wengi wamebishana nao tangu hapo, lakini tazama Kiswahili: -eusi, -eupe na -ekundu ndivyo vivumishi vya rangi vinavyobadilika kufuata ngeli. Na hivyo vitatu ndivyo vyenye kiungo chake cha kukolezea: nyeusi ti, nyeupe pe, nyekundu pyu. Sijawahi kumsikia mtu akiipa manjano neno la namna hiyo.

Rangi nyingine nyingi ni vitu, ukiacha za kuazimwa kama bluu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda, waridi ni ua. Wapo wanaoona huo ni upungufu wa Kiswahili, na wanaandika wakiona haya. Sikubaliani nao hata kidogo. Lugha inayotaja rangi kwa kitu inakulazimisha ukitazame hicho kitu, na kitu kina hali nyingi.

Chukua zambarau. Tunda lililoiva, likiwa bado mtini, linakaribia weusi, na juu yake lina vumbi jepesi ambalo ukiligusa kidole kinaacha alama inayong'aa. Ukiling'ata, nyama yake ni nyeupe yenye wekundu wa mbali kuzunguka kokwa. Kisha mtoto anatoa ulimi, na ulimi una rangi ambayo haiko kwenye ganda wala kwenye nyama. Ipi kati ya hizo ndiyo gauni la zambarau? Ukiandika "rangi ya ulimi wa mtoto aliyetoka kula zambarau," umenipa rangi, umri, msimu na mti ulioko jirani.

Au chungwa. Waandishi wengi wanaandika "jua la rangi ya chungwa" bila kufikiri. Nenda Muheza, nchi ya machungwa, usimame kwenye malundo pembeni mwa barabara: ni ya kijani. Yameiva, ni matamu, na ni ya kijani, kwa sababu ganda la chungwa linahitaji baridi ya usiku ndipo lipoteze ukijani wake, na usiku wa Muheza hauna baridi ya kutosha. Ndani maji yake ni manjano. Basi huyo mhusika aliyezaliwa Muheza akiona jua linazama, ataliita chungwa? Mimi nadhani atasema embe dodo, au papai lililoiva upande mmoja.

Hapo ndipo penye jambo langu kubwa, nawe ulishike: rangi huwa na mtazamaji. Kabla hujachagua kitu cha kulinganishia, jiulize mhusika wako anajua vitu gani. Feruzi na zumaridi ni mawe mazuri, na washairi wetu wameyapenda, lakini binti wa mvuvi wa Pangani hajalishika feruzi. Ameshika nyavu za nailoni, gamba la changu, dumu la mafuta ya taa, sabuni ya mche ya bluu iliyobaki kipande chembamba kinachopitisha mwanga. Ile sabuni ya mche! Kama gauni lake ni la bluu hiyo, ninaliona, na nanusa pia.

Tena angalia vitenzi, maana hapo Kiswahili ni tajiri na waandishi vijana wanapapita kama hawapaoni. Nguo *imekoza* au *imeiva* ikiwa rangi yake imejaa. Imefuliwa mara nyingi *imechuja*. Imeanikwa juani miezi *imepauka*. Taa inapopungua rangi *inafifia*. Hariri *inametameta*, bati jipya *linang'aa*. Kuchuja na kupauka si kitu kimoja: ya kwanza inasimulia maji na sabuni, ya pili inasimulia jua na upepo mkavu, ndiyo maana hata ngozi isiyopakwa mafuta tunasema imepauka. "Gauni la bluu lililopauka mabegani" linaniambia kwamba binti ametembea juani siku nyingi na hilo gauni, au kwamba lilining'inia dirishani kwa mtu. Hujaongeza kivumishi hata kimoja.

Wapima udongo wana desturi ninayoipenda sana. Miaka mingi iliyopita nilimfuata mmoja wao milimani Lushoto. Alikuwa na kijitabu chenye vipande vidogo vya rangi, kila kipande na namba yake, kilichotokana na kazi ya Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani. Kila rangi humo inajibu maswali matatu: ni ya ukoo gani, ina mwanga au giza kiasi gani, na ni kali au imepoa kiasi gani. Yule bwana alichukua bonge la udongo, akalivunja, akalilinganisha na kitabu, akaandika. Kisha akatoa chupa ya maji, akalilowesha bonge lile lile na kuandika tena. Rangi kavu, rangi iliyolowa. Nilimuuliza kwa nini asiandike "udongo mwekundu" yakaisha. Akanionyesha shimo: juu kahawia ya giza, katikati nyekundu ya kutu kwa sababu ya chuma kilichomo, na chini, mahali maji yanapotuama, kijivu. Wenyeji wanauita wote mwekundu, nao hawakosei, kwa kuwa "nyekundu" yetu ni pana. Inabeba damu, udongo, ng'ombe na hata maharage. Upana wake ni mzuri kwenye mazungumzo. Kwenye hadithi, upunguze.

Usije ukafanya haya yote mara moja, ukaweka rangi tano kwenye sentensi moja. Kwenye sehemu yako ningebakiza maji ya mto na mabega ya gauni. Anga ningeliacha. "Rangi mbalimbali zilipendeza sana" ifute kabisa, hapo hukutazama. Chagua mashua moja, utuambie rangi ya zamani inayochungulia pale rangi mpya ilipobanduka.

Habari za kazi Mama Mhariri. Nauza magari ya mitumba Dar es Salaam na matangazo naandika mwenyewe. Ni gari nyekundu au gari jekundu? Shati bluu au shati la bluu? Na je, njano au manjano?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Nzuri, ndugu yangu. Gari jekundu, magari mekundu. Mitaani wengi husema gari nyekundu na hakuna asiyewaelewa, lakini tangazo linasomwa na kila mtu, liandike sanifu. Ukisema "gari la rangi nyekundu" pia uko sawa, hapo wekundu umefuata neno rangi.

Rangi zilizotokana na vitu, na za kuazimwa kama bluu, hazibadiliki, kwa hiyo zinahitaji daraja: shati *la* bluu, mlango *wa* kijani, viti *vya* kahawia. "Shati bluu" ni lugha ya haraka ya kwenye simu. Kenya na Zanzibar utakuta pia buluu, nayo si kosa. Njano na manjano ni ndugu, sokoni hata binzari tunaiita ya manjano, na mashabiki wa Yanga wanasema njano tangu tumekuwepo. Chagua moja na udumu nayo.

Ila kwa kazi yako kuna kubwa kuliko sarufi. "Nyeupe" haimtoshi mnunuzi. Kuna nyeupe ya sembe, na kuna nyeupe ya dona yenye ukijivu na umanjano ndani yake. Gari lililokaa juani miaka mingi linaweza kuwa limehama kutoka la kwanza kwenda la pili. Mwambie hivyo, na picha ipige asubuhi nje ya gereji.

Mpendwa Bi Mhariri, hujambo? Ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Mhusika wangu mkuu ni mwanamke wa "rangi ya maji ya kunde". Rafiki yangu anasema msemo huo umechakaa, niandike "ngozi ya chokoleti" kama waandishi wa kisasa. Nimekwama.
*Msomaji, Nairobi*

Sijambo, dada. Barua yako ilinipeleka jikoni. Nilisema maji ya kunde maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuyatazama. Nikachemsha kunde nyekundu, nusu kilo. Maji yalianza kubadilika kabla hata ya kuchemka. Baada ya saa moja nikayamimina kwenye bakuli jeupe. Pembezoni, kwenye kina kidogo, yalikuwa kama chai ya rangi inapopitisha mwanga, na wekundu ukionekana wazi. Katikati yalizama hadi hudhurungi. Nilipolisogeza bakuli dirishani, wekundu ulipanda juu. Nililisogeza gizani ukajificha.

Waliobuni msemo huu walikuwa watazamaji hodari. Ngozi hiyo ndivyo ilivyo: wekundu wake uko chini, na mwanga ndio unaoupandisha. Chokoleti haifanyi hivyo, inabaki ilivyo popote utakapoiweka. Kwa hiyo msemo haukuchakaa, umesemwa na watu wasiotazama. Uandike, kisha ufungue: mpeleke mwanamke wako dirishani, umwonyeshe msomaji kinachotokea kwenye shavu lake. Na ngozi ya mtu si rangi moja. Viganja, magoti, vifundo vya vidole, pembe za midomo, kila mahali pana yake, na kipupwe kikivuma miguu inapauka hata kwa aliyepaka mafuta asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo nitalisema kwa uzito, kwa sababu limenichosha katika miswada ninayoletewa. Mwanamke anayependwa ni mweupe, na mwizi ni mweusi ti. Ukurasa baada ya ukurasa, mwandishi baada ya mwandishi. Wasichana wetu wanasoma hayo. Ukiamua kutaja ngozi, taja ya kila mtu kwa uangalifu ule ule, na weusi uutazame kama nilivyoyatazama maji ya kunde. Weusi una bluu ndani yake, una dhahabu jioni, una mng'ao kwenye mfupa wa bega. Nimewahi kukaa karibu na mzee wa Kidigo aliyekuwa anatengeneza mtego chini ya mwembe, na kila jani lilipopisha jua, paji lake la uso lilipokea rangi ya jani. Ningekuwa na kalamu siku hiyo!

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Kigoma. Nimezaliwa na upofu wa rangi: nyekundu na kijani hunichanganya. Napenda kuandika kumbukumbu za utotoni, lakini nikifika kwenye rangi ninaogopa, naziruka au namuuliza mke wangu. Je, mtu kama mimi aache kuandika rangi? Niliwahi kutumwa nyanya sokoni nikiwa mdogo, nikaleta mbichi tupu, nikapigwa.
*Mwalimu, Kigoma*

Marahaba, mwalimu wangu. Usiache, nakuomba. Nimesoma barua yako mara tatu.

Hali yako inawapata wanaume wengi kuliko wanawake, na mara nyingi mtoto huirithi kwa upande wa mama. Kwa hiyo darasani mwako huenda yuko mtoto mmoja au wawili wanaoona kama wewe na hawajui. Watakapokusoma watajijua.

Ninachokuomba ni usiazime macho ya mke wako. Ukiandika "nyanya nyekundu pyu" kwa kuambiwa, umeandika neno lililokufa mkononi. Wewe uliionaje sufuria ya nyanya? Nadhani ulijua tofauti ya mwanga na giza, ya kung'aa na kufifia, pengine kuliko sisi, kwa kuwa ndiyo uliyotegemea. Uligusa. Ulibonyeza. Ulinusa kikonyo. Embe lililoiva katikati ya majani ulilipataje, wakati wenzako waliliona toka chini? Andika hivyo hasa. Na wenzako walipolia "lile pale, jekundu!", andika na hilo neno lao, jinsi lilivyopita hewani na wewe ukatafuta kitu ambacho wote wanakiona.

Rangi kwako ilikuwa jambo lililosemwa na watu wengine, na lilikuwa na adhabu. Sijawahi kuhariri habari ya namna hiyo. Nitumie sehemu ya nyanya jinsi ilivyo, kuanzia ulipokabidhiwa kikapu hadi ulipokimimina sakafuni mbele ya mama, na uso wake ulivyokuwa kabla hujajua umekosea.